Kidole cha Sita

Karatasi ilifika Mlali ikiwa imefungia dagaa. Magreth, jirani yake Sabra, alikuwa akipeleka nyanya sokoni Morogoro kila Jumanne, na akirudi hakosi kumletea mwenzake fungu la kitoweo. Sabra aliwamwaga dagaa kwenye ungo, akaikunjua karatasi na kuinyoosha gotini aone dunia inasemaje. Tangu ahitimu kisomo cha watu wazima, hakuna karatasi iliyompita bila kusomwa, hata ya kufungia sabuni.

Ilikuwa tangazo. Nyumba ya Makumbusho ya Mji inawakaribisha wananchi wote kwenye Siku ya Mila za Asia, Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo ujifunze kwa mikono yako mwenyewe kukunja karatasi kama Wajapani, kuandika kwa brashi kama Wachina, kupaka hina, na kuchora mapambo ya kizingitini ya Kihindi yaitwayo rangoli. Mgeni wetu kutoka Uingereza, Bibi Nirupama Jamnadas, aliyezaliwa katika nyumba hii hii, atawafundisha nyayo maarufu za vidole sita, zilizobuniwa na marehemu mama yake.

Sabra alisoma mara tatu. Mara ya kwanza alifurahi, maana jina la Niru, mtoto aliyemlea, hakuwa ameliona popote kwa miaka ishirini na moja. Mara ya pili akalifikia neno marehemu, akasema innalillahi. Mara ya tatu akazifikia zile nyayo za vidole sita, akacheka peke yake hadi kuku wakatimka uani. Zilizobuniwa na mama yake. Kumbe waongo hawaishi Tanzania peke yake.

Maana kidole kile cha sita kilikuwa cha Sabra. Yaani chake na cha Niru, cha watu wawili tu duniani, na kama tangazo lilisema vinginevyo, basi lilikuwa limemwibia kitu pekee alichokuwa nacho. Msimcheke. Watu wengine wana watoto, wana wajukuu, wana mtu wa kuwaamkia shikamoo asubuhi. Sabra hakuzaa. Miaka yake ya kuzaa aliilaza kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto wa Jamnadas mwenye duka la vitambaa, na mume aliyekuwa naye alingoja mwaka mmoja, wa pili, akaoa kwa watu wanaolala kwao. Kwa Waluguru ukoo unakwenda kwa mama, na mama asiye na mwana ni kama shina lililokatwa: wanalikalia wapita njia. Watoto wa dada yake walikuwa Dar es Salaam, wakiuza mitumba, na salamu zao zilifika kwa mwaka mara moja, tena kwa mdomo wa mtu mwingine.

Ndiyo sababu, ile Jumatano akipalilia maharage, alijiapiza jambo moja. Atakwenda, lakini hatajitambulisha. Atajipanga kwenye mstari kama mwananchi mwingine, atachora, na Niru atautambua mkono wake. Akijitaja mwenyewe, hiyo si kukumbukwa, hiyo ni kuomba. Alitaka akumbukwe, mara moja tu, na mtu mmoja tu.

Jumamosi alfajiri alipanda lori la kabichi lililoteremka kutoka Mgeta. Alivaa khanga jozi mpya na viatu vya kufunika vidole, vilivyombana tangu alipokanyaga ardhi. Njia nzima dereva alilalamika kwamba siku hizi kila mtu amekuwa mfanyabiashara, viwanda vinafungwa na waliopunguzwa kazi wote wanakimbilia nyanya. Sabra aliitikia ndiyo, ndiyo, wala hakusikia hata neno.

Nyumba aliitambua kwa ngazi zake, kwa kuwa vingine vyote vilikuwa vimebadilika. Baada ya kutaifishwa iliwahi kuwa ofisi, ikawa ghala la mbolea, ikakaa tupu, na sasa chama cha wapenda historia wa mjini kilikuwa kimeipaka chokaa na kuijaza vinu, mikuki na mashine za kushonea. Pale lilipokuwa duka palikuwa na meza nne. Kwenye meza ya kwanza kijana wa Kijapani wa kujitolea alikuwa akikunja ndege wa karatasi, na wanafunzi wa sekondari wakimsonga. Meza ya pili ilikuwa na wino na brashi, na bibi mmoja wa Kichina aliyemshika kila mtu mkono wake na kuuongoza bila kusema neno. Meza ya hina ilikuwa na foleni ya wanawake tu, wakifanyiana mzaha kwamba kupaka hina hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwalimu mstaafu aitwaye Dominiko, ndiye msimamizi wa nyumba, alizunguka na kipaza sauti akiwasihi wananchi wasiondoke na brashi.

Meza ya nne haikuwa meza. Ilikuwa sakafu ya ukumbi, imepigwa deki, na juu yake mabakuli ya unga wa rangi. Katikati alisimama mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na minane, suruali ya jinzi, nywele zimekatwa mabegani. Ukutani nyuma yake ilitundikwa picha kubwa ya mama yake, imevishwa shada la maua ya manjano. Sabra alimtazama yule mwanamke akitafuta mtoto aliyemjua, asimwone, mpaka alipofungua mdomo.

"Shikamooni wazee. Watoto, kaeni chini, msisukumane, nani kamkanyaga mwenziwe?"

Kiswahili chake kilikuwa kimekomea kwenye miaka saba, umri alioondoka nao. Tena hakikuwa Kiswahili cha Wahindi wa dukani. Kilikuwa na ule mvuto wa Kiluguru mwisho wa sentensi, unaonyanyuka kidogo kama anayepanda kilima, na huo haukutoka kwa Jamnadas wala kwa mkewe. Sabra alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mdomo wa mgeni kutoka Uingereza.

Niru alieleza kazi. Mapambo haya huchorwa kizingitini siku za Diwali, sikukuu ya taa, ili Lakshmi, mungu wa neema, aione nyumba na aingie. Mapambo yenyewe hunyunyizwa kwa unga mkavu kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Nyayo za Lakshmi, zinazoelekea ndani, ni kwa uji mwepesi wa unga wa mchele. Unakunja ngumi, unachovya upande wa kidole cha mwisho, unakandamiza sakafuni. Hapo umepata unyayo. Vidole unaviweka kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja. Mguu wa kulia vitano, wa kushoto sita.

"Kwa nini sita, mwalimu?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Cha sita ni changu," Niru akasema, akaigeukia picha. "Mama yangu alinieleza mwezi Machi, hospitali, siku mbili kabla hajafariki. Nilipokuwa na miaka mitano nilikuwa mtoto wa kulialia. Nilidhani Lakshmi atatupita. Basi mama akakaa chini na mimi, akanishika mkono, akaniongezea kidole changu kwenye mguu wa mungu, ili akiingia tuwe tumeingia pamoja. Kila Diwali mpaka anakufa alikichora. Mimi na mama hatukuwa watu wa kuzungumza sana. Lakini kidole hicho ninacho."

Watu waliguna kwa huruma. Sabra alichuchumaa kwenye nafasi iliyokuwa wazi, kati ya mtawa mmoja na baba mwenye mtoto, akavuta bakuli la uji wa mchele.

Yeye alikuwa anaujua mwaka huo ulivyokuwa. Mwaka huo Mama Niru alizika mtoto wa kiume wa siku tisa. Nyumba yenye msiba haipambi wala haiwashi taa za Diwali, ndiyo mila yao, na Mama Niru alikuwa amelala akiutazama ukuta tangu mvua za masika. Hakutaka kumwona Niru. Si kwamba alichoka. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, mlango ukiwa wazi na mtoto amesimama kizingitini: mtoeni huyu, kwa nini kabaki huyu. Niru alipata homa siku ileile. Ilipofika Diwali, mtaa mzima ukimetameta na mlango wao mweusi, alilia mpaka sauti ikakauka. Sabra akawaza kwamba msiba ule ni wa Wahindi, yeye Mluguru na Mwislamu haumfungi. Akasaga mchele, akakoroga uji, akamchukua mtoto mlango wa nyuma, akaanza kwa bismillahi kama anavyoanza kila kazi. Alipomaliza vidole vitano vya mguu wa kushoto, mtoto akachomeka na chake. Sabra alitaka kukifuta. Mtoto akasema, na mimi nataka kuingia.

Kesho yake Mama Niru alitoka kitandani mara ya kwanza baada ya miezi, akaenda uani, akaziona zile nyayo. Alisimama pale mpaka jua likawa kali, kisha akaomba chai. Mwaka uliofuata alizichora mwenyewe, kwa vidole sita, na tangu hapo hakuna aliyelizungumza jambo hilo ndani ya nyumba ile.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema mlezi akishalea anakwenda kukaa wapi.

Sabra alikunja ngumi, akachovya, akakandamiza. Mkono haukuwa umesahau. Unyayo wa kulia, vidole vitano. Wa kushoto, vidole sita, cha mwisho kimejitenga kidogo na wenzake kama mtoto anayechungulia. Akainua macho na kungoja. Niru alikuwa akipita mstarini, akiinama hapa na pale. Alipomfikia, Sabra alisogeza bakuli pembeni ili nyayo zionekane vizuri.

"Nzuri sana, mama," Niru akasema. Akapita.

Ndipo Sabra alipotazama kulia na kushoto. Mtawa alikuwa amechora vidole sita. Baba mwenye mtoto alikuwa amechora sita, na mtoto wake, ambaye hajajua kuhesabu, saba. Ukumbi mzima, kutoka mlangoni hadi kwenye vinu, ulikuwa umejaa nyayo zake. Siri aliyoitunza miaka ishirini na mitatu ilikuwa imefundishwa kwa kipaza sauti, na sasa kila mkono pale ndani ulikuwa mkono wa Sabra. Angecheka, lakini kicheko hakikutoka.

Dominiko alitangaza kwamba watu waendelee kuchora wakati mgeni anasema neno la shukrani. Niru alimshukuru yeye, chama chake, mji. Halafu akasema kuna mtu mmoja ambaye angependa kumshukuru lakini amechelewa.

"Tulikuwa na yaya, anaitwa Sabra. Nilipopata kazi niliandika barua hapa mjini kumuulizia. Nikajibiwa kwamba alikufa, mwaka ule wa kipindupindu. Nililia kuliko nilivyomlilia mama yangu, nasema kweli. Kama yupo ndugu yake hapa, naomba tuonane."

Nani aliyejibu barua ile, Sabra hakupata kujua. Labda karani alimchanganya na Sabra mwingine, labda hakutaka kusumbuka kwenda Mlali. Karani anaua mtu kwa kalamu na anakwenda zake kula. Ila sasa kiapo cha Jumatano hakikuwa na maana tena: huwezi kungoja utambuliwe na mtu ambaye keshakuzika. Alinyanyuka, magoti yakalia, akamfuata Niru pembeni ya ngazi alikokuwa akinywa maji.

"Niru," akasema. "Ni mimi. Sabra. Sijafa."

Niru alishusha chupa. Hakushtuka, hakukunja uso. Alitabasamu tabasamu la mtu aliyechoka, na huo upole wake ndio uliouma.

"Mama, wewe ni wa tatu kujiita Sabra tangu nianze kuwaulizia ndugu zake," akasema. "Mmoja alikuja juzi hotelini. Mwingine jana. Simlaumu mtu, najua hali ilivyo. Walijua jina la mbwa wetu. Walijua mti uliokuwa uani, na kwamba niliungua mguu kwa chai. Mtaa mzima unajua hayo. Nikawauliza swali moja: kidole cha sita kilitoka wapi? Wote wawili wakanijibu kilichoandikwa kwenye tangazo. Sabra aliishi nasi, angejua zaidi ya tangazo, hata zaidi ya niliyosema leo."

"Njia ya mwongo fupi," Sabra akasema.

"Basi na wewe nikuulize. Kilitoka wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi, lilikuwa kweli, na hakuna mtu mwingine aliye hai ambaye angeweza kulitoa. Mlango wa nyuma. Homa. Na mimi nataka kuingia. Mtoto wa miaka mitano husahau mengi, lakini hayo angeyakumbuka akikumbushwa. Sabra aliona hivyo kwenye macho ya Niru, ambayo yalikuwa yamekaza, yakingoja, yakiogopa. Baada ya hapo angeitwa jina lake. Angeshikwa mkono. Pengine angepelekwa kwenye kipaza sauti na watu wote wakaona kwamba naye alikuwa na mtoto.

Lakini jibu lile halikuwa na namna ya kutoka peke yake. Lazima lingetoka na mwenziwe. Mama yako alikuwa wapi? Mama yako alikuwa kitandani, anauliza kwa nini umebaki wewe. Na mama yako, alipokuwa anakufa, akijua alivyokufanyia, aliokota kitu kizuri kimoja alichokikuta uani akakupa kama chake, kwa sababu hakuwa na chake cha kukupa. Sabra alitazama ile picha yenye maua. Alimchukia yule mama kwa muda, hilo tusimfiche. Kisha akamwona amesimama juani, miguu mitupu, anaomba chai.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nimekudanganya. Nisamehe."

Macho ya Niru yalilegea. Hakujua alikuwa ameponea nini, akadhani ni huzuni tu. "Hamna neno, mama," akasema. "Umechora vizuri kuliko wote. Ngoja nikupe cheti."

Vyeti vilikuwa mezani kwa Dominiko, karatasi ngumu yenye mhuri: amehudhuria na kujifunza sanaa ya rangoli. Niru alichukua kimoja, akafungua kalamu.

"Jina lako nani hasa?"

Sabra alifikiri kidogo, maana kujipa jina si jambo la haraka. "Mwaisha," akasema. Ni jina la marehemu mama yake.

Niru aliandika kwa hati nzuri, akapuliza wino. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza, "Mama Mwaisha, ulimfahamu huyo Sabra lakini? Hata kwa mbali?"

"Nilimfahamu."

"Alikuwa akinitaja?"

"Kila siku. Mpaka tulikuwa tunamcheka. Anapalilia, Niru. Anapika, Niru alikuwa hali bamia. Hakuwa na habari nyingine."

Niru aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Sabra aliuona mkono wake mwenyewe ukinyanyuka kwenda kumfuta machozi, akaurudisha, akaushikisha cheti.

"Kaburi lake liko wapi? Ningependa kwenda."

"Mlali, huko chini ya mlima. Lakini halina alama, na mvua zimeanza, gari lako halifiki."

"Basi niombee wewe ukifika. Nyinyi mna dua mnazosoma. Umsomee kwa jina langu. Utanifanyia hivyo?"

"Nitamsomea."

Alitoka kwa mlango wa mbele, viatu mkononi. Nyuma yake Dominiko alikuwa ameanza kuwaita watu wa hina. Lori la kurudi Mgeta halikuwa linaondoka mpaka saa kumi, kwa hiyo alipita msikitini karibu na soko, akatawadha, akaswali alasiri upande wa wanawake, ambako siku hiyo hakukuwa na mtu. Katika miaka yote aliyomlea mtoto yule hakuwahi kumwahidi kitu asikitimize. Alipotoa salamu hakunyanyuka. Alikunjua viganja vyake, bado vina weupe wa unga wa mchele kwenye mikunjo, akamsomea fatiha marehemu Sabra, yaya, wa Mlali, aliyetumwa salamu na mwanawe.